Msimbo wa Mguu Ulioumia

Neno mguu katika Kiswahili hubeba kiungo chote kuanzia nyongani hadi kwenye ncha za vidole, na mzungumzaji anayetaka kutaja sehemu moja tu ya kiungo hicho hulazimika kuongeza neno jingine, kama vile paja, goti, muundi, kifundo, kisigino au wayo. Katika maisha ya kila siku upana huo haumkwazi mtu, kwa sababu anayesema kwamba ameumia mguu huwa pia anaunyoosha na kugusa panapouma. Lakini maneno hayohayo yakishaingia kwenye faili la hospitali bila mkono wa kuonyesha, huacha swali ambalo mtu mwingine, ambaye hajamwona mgonjwa na huenda asimwone kamwe, anatakiwa kulijibu kwa herufi moja na tarakimu chache. Mtu huyo ni mweka misimbo, na alama anazoandika ndizo msimbo wa utambuzi wa ugonjwa, yaani kifupisho kinachosimama mahali pa jina la maradhi au la jeraha, ili hospitali ya Mwanza, ya Mombasa na ya Manila ziweze kuhesabu jambo lilelile kwa namna moja. Mazungumzo haya yanaufuata msimbo huo pale unapohusu majeraha ya kifundo cha mguu na wayo, kwa kuwa hiyo ni sehemu ndogo yenye mifupa mingi, na upungufu mdogo wa maandishi huonekana humo upesi.

Mfumo unaotumika katika nchi nyingi ni Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, unaofahamika kwa herufi tatu za ICD na kusimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Asili yake haikuwa matibabu bali hesabu ya vifo: mwaka 1893 mtakwimu Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha mjini Chicago, mbele ya Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu, orodha ya sababu za vifo ambayo nchi mbalimbali zingeweza kuitumia kwa pamoja, na tangu hapo orodha hiyo imekuwa ikirekebishwa kila baada ya muda. Marekebisho ya sita ya mwaka 1948, yaliyokuwa ya kwanza chini ya Shirika la Afya Duniani, ndiyo yaliyoingiza rasmi maradhi na majeraha yasiyoua, na kwa njia hiyo kifundo kilichoteguka kikapata nafasi katika kitabu kilichoanza kwa kuhesabu maiti. Toleo la kumi liliidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1994. La kumi na moja limekwisha kutoka, nalo litatajwa mbele, lakini la kumi ndilo ambalo bado liko mikononi mwa wahudumu katika hospitali nyingi. Wapo wahudumu wanaoziita alama zake kodi kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Kwa kuwa kodi tayari ni ushuru wa serikali na malipo ya pango, neno msimbo linafaa zaidi.

Katika toleo hilo la kumi majeraha yamewekwa katika sura ya kumi na tisa, na mpangilio wake una uzuri ambao mwanafunzi akishauelewa hausahau tena. Herufi S ni ya majeraha ya eneo moja la mwili, na tarakimu inayoifuata inateremka mwilini kama mkono wa tabibu anayempapasa majeruhi kuanzia juu: 0 ni kichwa, 1 ni shingo, 2 ni kifua, 3 ni tumbo na kiuno, 4 ni bega na sehemu ya juu ya mkono, 5 ni kiwiko na kigasha, 6 ni kifundo cha mkono na kiganja, 7 ni nyonga na paja, 8 ni goti na muundi, na 9, ya mwisho kabisa, ni kifundo cha mguu na kila kilicho chini yake. Tarakimu inayokuja baada ya hiyo, kwa ujumla, inaeleza aina ya dhara: 0 kwa majeraha ya juujuu kama michubuko, malengelenge na mivilio ya damu, 1 kwa kidonda kilicho wazi, 2 kwa mfupa uliovunjika, 3 kwa kiungo kilichoteguka au kutenguka, 4 kwa neva, 5 kwa mishipa ya damu, 6 kwa misuli na kano, 7 kwa sehemu iliyopondwa, 8 kwa sehemu iliyokatika, na 9 kwa mengineyo. Anayejua mistari hiyo miwili anaweza kusoma S91 kuwa kidonda kilicho wazi cha kifundo au wayo na S62 kuwa mfupa uliovunjika kwenye kiganja au kifundo cha mkono, hata kama hajawahi kukishika kitabu chenyewe.

Baada ya nukta huja tarakimu ya kuonyesha mahali penyewe, na hapo ndipo wayo unapodai umakini. Una mifupa 26, yaani 7 ya nyuma na katikati inayojenga kisigino na upinde wa wayo, 5 mirefu iitwayo metatasali inayotoka katikati kuelekea vidoleni, na 14 midogo ya vidole vyenyewe, ambapo kidole gumba kina 2 na kila kimoja cha vile vingine kina 3. Msimbo S92.0 ni wa mfupa wa kisigino, ule unaopasuka mtu anapoanguka kutoka mnazini au kwenye jukwaa la ujenzi na kutua kwa miguu, S92.1 ni wa talasi, mfupa unaopokea uzito wa mwili kutoka kwenye muundi, S92.2 unakusanya mifupa iliyobaki ya sehemu ya nyuma na katikati, S92.3 ni wa metatasali zote tano, S92.4 ni wa kidole gumba na S92.5 wa vidole vingine. Tabibu aliyeandika tu kwamba mguu umevunjika amempa mweka misimbo jeraha linaloweza kuwa paja, na paja lililovunjika huweza kummwagia mtu damu nyingi ndani kwa ndani, au kidole cha mwisho, ambacho kwa kawaida hufungwa pamoja na jirani yake na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Mpaka kati ya S82 na S92 unastahili kuelezwa polepole, kwa sababu hapo ndipo hata waliozoea hujikwaa. Nundu mbili za mfupa zinazojitokeza upande wa ndani na wa nje wa kifundo cha mguu huonekana kwa macho kuwa ni za kifundo, na kila mtu huziita hivyo, lakini kwa asili ni ncha za mifupa miwili ya muundi, mmoja mnene na mmoja mwembamba, iliyoteremka hadi hapo. Kitabu kinafuata asili ya mfupa wala hakifuati macho ya mtazamaji. Kwa hiyo nundu ya nje ikivunjika msimbo wake ni S82.6, na ya ndani ni S82.5, yote miwili ikiwa katika kundi la goti na muundi, ilhali kano za kifundo hichohicho zikivutika bila mfupa kuvunjika msimbo unarudi kwenye kundi la kifundo na wayo na kuwa S93.4. Watu wawili wanaweza kukanyaga shimo moja kwenye njia moja, wakavimba mahali palepale, na misimbo yao ikaishia katika makundi tofauti, na huo ndio usahihi unaotakiwa, kwa kuwa mmoja huenda akahitaji chuma na skrubu na mwingine bandeji na mapumziko.

Kiswahili nacho kina mtego wake katika eneo hilo. Neno kuteguka hutumiwa mitaani kwa mambo mawili ambayo kitabu kinayatenganisha: kano kuvutika au kuchanika huku mifupa ikibaki mahali pake, na mfupa kutoka kabisa katika kikao chake, jambo ambalo kwa usahihi zaidi huitwa kutenguka. La kwanza, likiwa kwenye kifundo cha mguu, ni S93.4, la pili ni S93.0, na ni dharura, kwa sababu mfupa uliotoka mahali pake huweza kukandamiza mishipa inayopeleka damu vidoleni. Mgonjwa hana kosa akisema ameteguka, kwani hiyo ndiyo lugha yake na ni lugha njema. Wajibu wa kuitafsiri kauli hiyo kuwa moja kati ya hali hizo mbili ni wa aliyeupapasa mguu, naye asipoitafsiri, mtunza kumbukumbu aliyeketi masjala hawezi kumfanyia kazi hiyo.

Utafutaji wenyewe una utaratibu wake. Kitabu kina juzuu tatu, ya kwanza ikiwa orodha kamili, ya pili maelekezo na ya tatu faharasa ya kialfabeti, na mweka misimbo huanza na hiyo ya mwisho kwa kutafuta jina la dhara, si jina la kiungo: hutafuta kuvunjika, kisha chini yake wayo, kisha mfupa husika. Akishapata alama anapaswa kurudi kwenye juzuu ya kwanza na kusoma maelezo yaliyo juu ya kundi zima, kwa maana huko ndiko kumeandikwa nini kimo na nini hakimo. Jina la kundi S92 lenyewe linakitoa kifundo nje, na anayeishia kwenye faharasa halioni onyo hilo.

Marekani imeupanua mfumo huu kwa kiasi kikubwa mno. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2015 hospitali na kampuni za bima za nchi hiyo zinatumia toleo lao la ICD-10 lililorekebishwa kwa matumizi ya kitabibu, lenye misimbo ipatayo 70,000, mahali pa lile la awali lililokuwa na takriban 14,000. Katika lile la zamani metatasali yoyote iliyovunjika bila ngozi kupasuka iliandikwa 825.25, iwe ya mguu wa kulia au wa kushoto, iwe ya kwanza au ya tano. Katika lile la sasa mgonjwa huyohuyo anaweza kuandikwa S92.351A, na kila alama humo ina kazi: S92 ni mfupa wa wayo uliovunjika; 3 ni metatasali; 5 inayofuata ni ile ya tano, iliyo upande wa kidole kidogo; 1 inasema kwa pamoja kwamba vipande vya mfupa vimeachana na kwamba mguu ni wa kulia, kwani wa kushoto ungekuwa 2, na wa kulia ambao vipande vyake havijahama ungekuwa 4; na herufi A ya mwisho inaeleza hatua ya matibabu.

Herufi hiyo ya saba haieleweki vizuri kila mara, nayo ni sehemu yenye busara kuliko zote katika mpango wa Wamarekani. Wengi hudhani A maana yake ni ziara ya kwanza, ilhali maana yake ni kwamba mgonjwa bado anapata tiba hai ya jeraha lenyewe: aliyefungwa gango chumba cha dharura siku ya Jumatatu na kufanyiwa upasuaji siku ya Ijumaa anabaki na A siku zote mbili. Akishaingia katika kupona, akija tu kukaguliwa au kutolewa hogo, herufi inakuwa D. Mfupa ukichelewa kuunga inakuwa G. Usipounga kabisa inakuwa K. Ukiunga vibaya inakuwa P. Na miaka ikipita akirudi kwa sababu ya kilema au maumivu yaliyoachwa na jeraha hilo, inakuwa S. Mfupa uliotoboa ngozi, wenye hatari ya kuingiwa na vijidudu, huanza na B badala ya A. Pale ambapo msimbo ni mfupi na haufikishi nafasi ya saba, herufi X huwekwa kushika nafasi iliyo tupu, kama katika S90.31XA, ambao ni mvilio wa damu kwenye wayo wa kulia. Faida ya mpango huo ni kwamba faili linaweza kusimulia safari ya mfupa mmoja, kutoka siku uliyovunjika hadi siku ulipounga au ulipogoma kuunga, bila mtu kulazimika kusoma kurasa zote za daktari.

Pamoja na hayo, wingi wa tarakimu usimhadae mtu. Metatasali hiyohiyo ya tano ina historia yake: mwaka 1902 Robert Jones, daktari wa upasuaji wa Liverpool nchini Uingereza, alichapisha maelezo ya jeraha la shina la mfupa huo, na mmoja wa majeruhi aliowaeleza alikuwa yeye mwenyewe, aliyeumia akicheza dansi. Madaktari wa mifupa sasa hugawa shina hilo katika maeneo matatu, kwa sababu kipande kinachong'olewa na kano kwenye ncha kabisa kwa kawaida hupona vizuri, ilhali ufa ulio mbele yake kidogo, ule unaoitwa kwa jina la Jones, uko mahali ambapo damu hufika kwa shida na mfupa huweza kukataa kuunga kwa miezi. Umbali kati ya maeneo hayo hauzidi upana wa kidole, hatima zake ni tofauti, na bado msimbo wa Marekani wenye nafasi saba hauyatenganishi. Mchezaji wa mpira anayetaka kujua ni lini atarudi uwanjani hawezi kujibiwa na S92.351A, atajibiwa na sentensi mbili alizoandika aliyesoma picha ya eksirei, na kwa sababu hiyo maandishi ya daktari hayawezi kufutwa na msimbo wowote, hata uwe mrefu kiasi gani.

Yapo pia madhara ya mguu ambayo msimbo wake haumo kabisa katika S90 hadi S99, na haya katika Afrika Mashariki si machache. Mkulima aliyeumwa na nyoka kwenye wayo ana vitundu viwili vya meno ambavyo kwa umbo ni kidonda, lakini kinachohatarisha uhai wake ni sumu, na kwa hiyo msimbo wake ni T63.0, ule wa sumu ya nyoka; anayemwandika S91.3 amehesabu tundu na kuacha sumu, na Shirika la Afya Duniani, lililouingiza uumwaji na nyoka wenye sumu katika orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, halitampata mkulima huyo katika takwimu zake. Mtoto aliyekanyaga makaa ni T25, kundi la kuungua kwa kifundo na wayo. Mwenye funza vidoleni, ambaye ngozi yake imejaa vidonda vinavyofanana na majeraha, ni B88.1, katika sura ya magonjwa ya maambukizi na vimelea, kwa kuwa kilichomtoboa ni mdudu anayeishi ndani yake na tiba yake inahusu pia sakafu ya nyumba anayolala.

Mwenye kisukari anahitaji tahadhari kubwa kuliko wote hao. Ugonjwa huo ukikaa mwilini kwa muda mrefu huua hisia za nyayo na kuziba mishipa midogo ya damu, hivyo kijiwe kilichoingia ndani ya kiatu asubuhi kinaweza kukaa mpaka jioni bila mwenye mguu kukihisi, na mchubuko unaoachwa nacho ukageuka kidonda kisichopona na hatimaye kuoza. Akiandikwa kuwa na kidonda cha wayo tu, ugonjwa uliosababisha yote umetoweka katika kumbukumbu. Akiandikwa kwa msimbo wa kisukari wenye tatizo la mzunguko wa damu, kama vile E11.5 kwa kisukari cha aina ya pili, anayesoma faili hilo miezi mitatu baadaye anajua kwamba mguu mwingine nao lazima ukaguliwe. Miguu mingi inayokatwa kwa sababu ya kisukari ilianza na kidonda kidogo, na kidonda hicho kilipoandikwa bila jina la ugonjwa, nafasi ya kukiwahi ilikuwa imeanza kupotea.

Jambo jingine ambalo msimbo wa jeraha peke yake haulisemi ni kilichomuumiza mtu. Sura ya ishirini ya toleo la kumi imewekwa kwa ajili hiyo, na mpango wake ni kwamba msimbo wa jeraha uambatane na msimbo wa chanzo: aliyechomwa na msumari uliopenya kandambili zake ana S91.3 kwa kidonda na W45 kwa kitu kilichopenya ngozi. Mwendesha pikipiki na abiria wake wana V20 hadi V29, na undani wa misimbo hiyo unastahili kuzingatiwa na kila nchi yenye bodaboda, kwa sababu unatenganisha aliyegongana na gari dogo, V23, na aliyeanguka bila kugongana na chochote, V28, na tarakimu ya nne inamtenga dereva na abiria, hata yule aliyeumia wakati wa kupanda au kushuka. V23.5 ni abiria wa pikipiki aliyeumia katika mgongano na gari barabarani. Kisigino cha mtoto kilichochanika kwa kuingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma kinashonwa kwa njia ileile kinavyoshonwa kilichochanwa na bati, lakini cha kwanza kingeweza kuzuiwa kwa kinga ya gurudumu na cha pili kwa kusafisha uwanja wa shule, na msimbo wa kidonda pekee hauwezi kumwambia waziri wala mwalimu mkuu afanye lipi.

Taarifa nyingi za wagonjwa wa nje hazifiki undani huo. Nchini Kenya, fomu za muhtasari za Wizara ya Afya namba 705A, ya watoto walio chini ya miaka mitano, na 705B, ya waliozidi umri huo, zina mistari ya majeraha ya barabarani, majeraha mengine, kuungua, kuumwa na nyoka na kuumwa na mbwa, na katika mistari hiyo mguu hauonekani. Mistari mipana ina sababu zake, kwani zahanati yenye mhudumu mmoja na foleni ndefu haiwezi kuandika kama hospitali ya rufaa, na Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya wa Tanzania, MTUHA, nao umejengwa kwa ajili ya vituo vya ngazi zote. Hata hivyo hospitali za mikoa na za rufaa, zenye eksirei na watunza kumbukumbu waliosomea kazi hiyo, hazina udhuru huo, na huko ndiko msimbo wa chanzo unapopaswa kudaiwa.

Udhuru wa kweli upo pale ambapo kitu chenyewe hakijulikani. Toleo la kumi lina tarakimu 9 kwa yasiyobainishwa, na S92.9 maana yake ni mfupa wa wayo uliovunjika bila kutajwa ni upi. Msimbo huo si dhambi. Dhambi ni kuutumia wakati jibu limo ndani ya faili na hakuna aliyelifungua. Tabibu wa zahanati isiyo na eksirei hawezi kujua yaliyo chini ya uvimbe, lakini anazo njia za kukisia kwa busara: kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992 zinamtaka abonyeze sehemu chache, zikiwemo kingo za nyuma za nundu mbili za kifundo na shina la metatasali ya tano, na kumtazama mgonjwa kama anaweza kupiga hatua nne, na asipoona maumivu ya mfupa wala kushindwa kutembea, uwezekano wa mfupa kuvunjika unakuwa mdogo sana hata picha haihitajiki. Aliyefanya hivyo akaandika kuteguka kwa kifundo, S93.4, ameandika anachokijua. Aliyeshindwa kupata jibu akaandika maumivu ya kiungo, M79.6, naye ameandika ukweli, na ukweli huo ni bora kuliko kubuni mfupa uliovunjika ili rufaa au malipo yakubaliwe.

Habari ya malipo haikwepeki. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya, kwa sheria yake ya mwaka huohuo, ilianzisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024. Kadiri watu wengi zaidi wanavyotibiwa kwa kadi badala ya fedha mkononi, ndivyo msimbo unavyogeuka kuwa neno ambalo mlipaji hulisoma kabla ya kumjua mgonjwa. Dai la skrubu mbili na siku nne za wodini likiambatana na msimbo wa kifundo kilichoteguka litarudishwa, na litarudishwa kwa haki, ingawa mgonjwa alivunjika kweli nundu ya nje na aliyekosea ni kalamu iliyoandika S93 mahali pa S82. Anayeumia zaidi katika kosa hilo ni mgonjwa, kwa sababu hospitali huchelewa kulipwa lakini yeye ndiye anayeitwa dirishani na kuambiwa alete fedha.

Toleo la kumi na moja, lililopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani Mei 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, limeundwa kwa ajili ya kompyuta na linatengeneza msimbo kwa kuunganisha vipande: msimbo wa shina unaotaja jeraha, kisha misimbo ya nyongeza inayosema kama ni kulia au kushoto, mfupa umevunjika kwa namna gani, na mengine ya aina hiyo. Kwa mpango huo nchi isiyo na uwezo wa kutengeneza toleo lake la misimbo 70,000 inaweza kupata undani unaokaribiana na huo, na hilo ni jambo la kupokewa kwa furaha. Lakini kompyuta inayouliza upande itajibiwa na mtu aliyeketi mbele ya faili, na kama faili linasema mguu tu, mtu huyo ataacha nafasi wazi au atabahatisha, na kubahatisha kati ya kulia na kushoto katika kumbukumbu za mgonjwa anayesubiri upasuaji ni hatari isiyohitaji maelezo.

Kwa hiyo ombi linakwenda kwa watu wawili waliokaa pande mbili za meza moja. Mgonjwa aseme ni mguu wa upande gani, aguse panapouma zaidi kwa kidole kimoja, aeleze kilichomuumiza na alikuwa akifanya nini, na ataje kisukari kama anacho hata asipoulizwa. Na tabibu, kabla ya kumwita anayefuata, aandike upande, mfupa au kiungo, aina ya dhara na chanzo chake, kwa maneno ya kawaida yanayosomeka. Mweka misimbo hahitaji zaidi ya hayo.